NYARA ZA MSHINDI: VYAMA VIWILI VYA MAREKANI NA MEZA YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka niseme juu ya siasa ya Marekani, maana wengi wenu mmeuliza swali moja: imekuwaje watu wa nchi ile, wenye elimu na mali na uhuru wa kusema, huwalaumu wakubwa wao kila siku kwa rushwa, na hali siku ya uchaguzi huwarudisha watu wa vyama vile vile viwili? Swali ni zuri. Nitalijibu kwa kadiri nijuavyo, lakini nitapita njia itufaayo sisi, yaani njia ya ofisini. Kwa sehemu kubwa, habari ya rushwa katika vyama vya Marekani ni habari ya makarani: jinsi walivyopata kazi, jinsi walivyoondolewa, na nani aliyekula katika mishahara yao.

Kwanza tuelewe jinsi nchi inavyopata vyama viwili. Hapana sheria katika Marekani isemayo kwamba vyama viwe viwili. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 haivitaji vyama hata kidogo, na George Washington, alipokuwa akiwaaga watu wake mwaka 1796, aliwaonya juu ya hatari ya roho ya uchama. Jambo hili limeletwa na namna ya kuhesabu kura. Tuseme mtaa una wachaguzi 100 na kiti kimoja. Mtu wa chama cha kwanza apata kura 40, wa pili 35, wa tatu 25. Yule wa kwanza ndiye mshindi, ingawa watu 60 hawakumtaka, na wale 25 warudi nyumbani mikono mitupu. Uchaguzi ujapo tena, mtu wa chama cha tatu hujiuliza: je, niitupe kura yangu, au nimpe yule nimchukiaye kidogo, ili nimzuie yule nimchukiaye sana? Wengi hufuata la pili. Hivyo chama cha tatu hunyauka, hata kama maneno yake ni ya kweli. Wazee wetu walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mchaguzi wa Marekani hulichagua zimwi alijualo, akitumaini kubakizwa.

Sasa nije kwenye nyara. Andrew Jackson alipoingia katika urais mwaka 1829, alitoa hoja iliyopendeza masikioni. Alisema kwamba kazi za serikali ni nyepesi, mtu yeyote mwenye akili aweza kuzifanya, na tena akaaye ofisini muda mrefu huiona ofisi kuwa mali yake. Basi afadhali watu wapokezane. Hoja hiyo ina chembe ya kweli, ndiyo maana ilipendwa. Lakini mwaka 1832 William Marcy, seneta wa New York, aliivua nguo mbele ya Seneti, akasema waziwazi kwamba nyara za adui ni haki ya mshindi. Neno hilo likawa jina la desturi nzima. Tangu hapo kazi ya posta, ya forodha, ya kupima ardhi na ya kuandika barua ikawa kama ng'ombe waliotekwa vitani: mshindi huwagawia waliompigania.

Mfano mmoja watosha. Jackson alimweka Samuel Swartwout, aliyemsaidia katika uchaguzi, kuwa mkubwa wa forodha ya bandari ya New York. Alipoondoka katika kazi hiyo mwaka 1838, vitabu vilipokaguliwa ilionekana kwamba zaidi ya dola 1,000,000 za ushuru hazipo, na yeye mwenyewe amekwisha vuka bahari kwenda Uingereza. Wenzangu mshikao funguo za kasha mwaelewa kwamba fedha nyingi hivyo haipotei siku moja. Hupotea pale asiyejua hesabu awekwapo juu ya hesabu, na ajuaye akaogopa kusema.

Karani mdogo aliishije katika zamani hizo? Chama kikishindwa, alifungasha vitu vyake, hata kama kazi yake ilikuwa safi. Chama kikishinda, alibaki, lakini alibaki kwa kulipa. Mtoza michango wa chama alimpelekea barua ya kumtaka atoe sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya uchaguzi. Barua iliandikwa kwa adabu, ikiita fedha hiyo mchango wa hiari. Lakini asiyetoa alijua kwamba jina lake limetiwa alama. Tazameni mzunguko wake. Fedha ya mlipa kodi iliingia mkononi mwa karani kwa jina la mshahara, ikatoka kwenda katika mfuko wa chama, kisha ikatumiwa kumwinda kura mlipa kodi yule yule.

Je, mchaguzi hakuona? Aliona sana, lakini alikuwa na milango miwili tu. Katika mji wa New York alikuwako William Tweed, mkuu wa Tammany Hall, kundi lililowaongoza watu wa chama cha Democratic mjini humo. Wakati wake ilijengwa mahakama ambayo mwanzo ilikadiriwa kwa dola 250,000. Ilipofikia mwisho fedha iliyotolewa ilipita dola 12,000,000. Wenye kazi waliandika hati za malipo zenye hesabu ya uongo, na ziada ikagawanywa kwa wakubwa. Magazeti yalimfichua mwaka 1871, akahukumiwa, akatoroka, akakamatwa Hispania, na mwaka 1878 akafa gerezani. Katika siku zizo hizo, huko Washington chama cha Republican ndicho kilichokuwa kikitawala chini ya Rais Ulysses Grant. Mwaka 1875 iligunduliwa kwamba watengenezaji wa wiski na maofisa wa kodi walikuwa wamepatana kuficha ushuru wa serikali, na watu zaidi ya 100 walipatikana na hatia. Basi aliyechoka na Tweed na kuwakimbilia Warepublican alikuta pipa la wiski. Aliyechoka na pipa na kurudi kwa Wademokrati alikuta Tammany.

Uchaguzi wa mwaka 1876 ulionyesha ubaya wa hali hiyo. Samuel Tilden wa chama cha Democratic, ambaye mwenyewe alishiriki kumwangusha Tweed, alipata kura nyingi za watu. Lakini kura za majimbo kadhaa ziligombaniwa, ikaundwa tume ya watu 15, nayo ikaamua kwa watu 8 dhidi ya 7 kwamba Rutherford Hayes wa Republican ndiye Rais. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa katika milango ya mabaraza ya Kusini, na raia weusi, waliotoka utumwani mwaka 1865, wakaachwa bila mlinzi. Miaka iliyofuata walinyang'anywa kura kwa vitisho na kwa hila za sheria. Vyama vilipogombana mtu mweusi aliumia. Vilipopatana aliumia zaidi.

Sasa natoka kwenye ugonjwa, naja kwenye dawa moja iliyofanya kazi. Mwaka 1881 James Garfield wa Republican aliingia katika urais, na milango yake ikajaa waombaji wa kazi. Miongoni mwao alikuwako mtu aliyeitwa Charles Guiteau, ambaye aliwahi kuandika hotuba ya kumsifu Garfield, akaamini kwamba kwa hotuba ile anastahili kuwa balozi mdogo mjini Paris. Alizunguka ofisini miezi kadhaa, akakataliwa. Tarehe 2 Julai 1881 alimpiga Rais risasi katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington, na Garfield akafa tarehe 19 Septemba. Guiteau hakuwa mtu mwenye akili timamu, lakini watu walitambua kwamba wazimu wake ulikuwa umevaa nguo za desturi ya nchi: alidai nyara kama wenzake walivyodai.

Aliyerithi kiti ni Chester Arthur, ambaye aliwahi kuwa mkubwa wa forodha ile ile ya New York, akaondolewa na Rais Hayes mwaka 1878 wakati wa kusafisha ofisi ile. Watu walitazamia mabaya. Lakini katika uchaguzi wa Novemba 1882 wachaguzi waliwaadhibu Warepublican, na baraza la wawakilishi likapita mikononi mwa Wademokrati. Wabunge waliokuwa karibu kuondoka waliipitisha upesi sheria iliyoletwa na seneta George Pendleton, naye Arthur akaitia sahihi tarehe 16 Januari 1883. Sheria ilisema kwamba kazi zilizotajwa zitatolewa kwa mtihani ulio wazi kwa wote, kwamba karani asitozwe fedha ya chama, na kwamba asifukuzwe kwa kukataa kutoa. Waliotengeneza sheria hiyo walijifunza kwa Waingereza, ambao baada ya taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 walianza kuacha kazi za upendeleo na kushika mtihani. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuliorithi taratibu ya tume za utumishi twakunywa katika kisima hicho hicho.

Hapa nawaomba mnisikilize sana, maana ndipo penye neno langu. Sheria ile ilianza kidogo. Ilifunika kazi kama moja tu katika kila kumi za serikali kuu. Lakini ilimpa Rais uwezo wa kuongeza. Basi kila Rais aliyekuwa akiondoka alitaka kuwalinda watu wake wasifukuzwe na chama kijacho, akaziingiza kazi zao chini ya sheria. Akaja mwingine, naye akafanya vivyo hivyo alipokuwa akienda. Wivu wa vyama viwili, ambao zamani uliifukuza haki ofisini, ukawa ndio unaoijengea ukuta. Kubadilisha chama kwa chama hakukuwa kumeondoa nyara katika muda wa miaka 50. Sheria moja, iliyoandikwa vizuri na kuwekwa mahali pa haki, ilianza kuziondoa. Mwaka 1939 ilikuja sheria nyingine iliyowakataza watumishi wengi wa serikali kuu kushika kazi za uongozi wa vyama.

Wala msidhani kwamba ukuta huo ulikuwa bila ufa. Mtihani uliwafungulia raia weusi mlango wa ukarani mjini Washington, na wengi walipata kazi za heshima. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1912. Theodore Roosevelt alijitenga na Warepublican akaunda chama cha tatu, kura zao zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akashinda kwa kura kama 42 katika kila 100. Mwaka 1913 mawaziri wake walianza kuwatenga makarani weusi katika vyumba na meza, na mwaka 1914 ikaamriwa kwamba kila aombaye kazi alete picha yake. Karatasi ya mtihani haina rangi, picha inayo. Tujifunze hapo kwamba ofisi yaweza kuuvunja usawa pasipo kufuta sheria, kwa kuongeza kipande kimoja tu cha karatasi katika maombi.

Na vyama vya tatu je? Vilijaribiwa mara nyingi. Mwaka 1892 wakulima waliochoka na mabenki na makampuni ya reli walimsimamisha James Weaver, wakapata kura zaidi ya 1,000,000. Miaka minne baadaye chama chao kilimuunga mkono mtu wa Democratic, kikayeyuka kama chumvi majini. Lakini maneno yao hayakufa yote: walitaka maseneta wachaguliwe na watu wenyewe, na mwaka 1913 jambo hilo likaingia katika Katiba. Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri aliyevilaumu vyama vyote viwili, alipata karibu kura 19 katika kila 100 za nchi nzima, na katika wajumbe wamchaguao Rais asipate hata mmoja. Mwaka 2000 Ralph Nader alipata kura zaidi ya 97,000 katika jimbo la Florida, ambako George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537. Tangu siku hiyo, mtu akitaja chama cha tatu, jirani yake humjibu kwa neno moja: Florida.

Hivyo hasira hubaki, haina pa kwenda. Mwaka 2024 shirika la Gallup, likiuliza watu mwaka mzima, lilikuta kwamba 43 katika kila 100 walijiita huru, wala hawakusema kwamba ni wa chama hiki au kile. Sababu hazikosekani. Mwaka 2005 Randy Cunningham, mbunge wa Republican kutoka California, alikiri kwamba alipokea hongo ya dola zisizopungua 2,400,000 kutoka kwa wenye mikataba ya jeshi. Mwaka uo huo, wapelelezi walikuta dola 90,000 zimefichwa katika friza nyumbani kwa William Jefferson, mbunge wa Democratic kutoka Louisiana, naye akapatikana na hatia mwaka 2009. Kisha mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la aliyekuwa gavana wa Virginia, iliibana maana ya hongo, na kwa sababu hiyo mwaka 2017 sehemu kubwa ya mashtaka ya Jefferson ilifutwa, akaachiliwa. Tena mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi waweza kutumia fedha bila kikomo katika uchaguzi, maadamu hawapatani na mgombea mwenyewe. Raia wa kawaida aonapo hayo, husema: rushwa ya zamani ilifichwa chini ya meza, ya leo imepewa kiti mezani.

Mtu ataniuliza, hapana dawa ya hesabu yenyewe ya kura? Ipo, na mahali pengine imenywewa. New Zealand walikuwa na vyama viwili vikubwa kama Marekani. Mwaka 1978 na 1981 chama kilichopata kura chache kuliko mwenzake ndicho kilichoshika serikali, na mwaka 1981 chama cha tatu kilipata kura kama 20 katika kila 100, kikapewa viti 2 tu. Watu walichukizwa na vyama vyote viwili. Mwaka 1993 walipiga kura ya kuibadili namna ya uchaguzi, na tangu mwaka 1996 viti hugawiwa kwa kadiri ya kura za kila chama. Katika Marekani yenyewe, jimbo la Maine mwaka 2016 na jimbo la Alaska mwaka 2020 yaliamua kwamba mchaguzi aandike wagombea kwa mpango wa mapenzi yake, wa kwanza, wa pili na kuendelea, ili kura ya aliyeshindwa isipotee, bali imwendee amfuataye. Hivi ni vijiti vidogo, lakini hata moto wa jiko huanzia hapo.

Nirudi kwenye meza ya karani. Mwezi wa Oktoba 2020 Rais Donald Trump wa Republican alitoa amri ya kuziondoa kazi za watumishi wengi wa serikali kuu washauriao juu ya siasa ya serikali, ziwekwe katika daraja ambalo mwenye kazi aweza kufukuzwa kwa urahisi. Rais Joe Biden wa Democratic aliifuta Januari 2021. Trump aliporudi aliirudisha Januari 2025. Waitetea kwa hoja isiyo ya kipuzi: kwamba watu wakimchagua Rais, isiwe watumishi wasiochaguliwa na mtu wanamzuia kufanya aliyoahidi. Mtaikumbuka hoja hiyo. Ni ndugu wa ile ya Jackson. Jibu langu ni hili. Mtumishi apaswa kutii amri iliyo halali, ya chama chochote kilichoshinda, na asiyetaka kutii na aondoke. Lakini mtumishi awezaye kufukuzwa kwa kusema kweli hatasema kweli, na serikali isiyoambiwa kweli na makarani wake ni kipofu aliyeivunja fimbo yake mwenyewe.

Mabwana na mabibi, haya yatuhusu kwa kuwa mwananchi hakutani na serikali katika hotuba. Akutana nayo dirishani petu, akiwa na karatasi yake mkononi. Akiombwa kitu kidogo ndipo ihudumiwe, au faili lake likikaa chini ya mengine kwa sababu ya jina la kabila lake au chama chake, huondoka akiamini kwamba kura yake ni kazi bure, na mgombea yeyote ampaye kanga na sukari amemlipa zaidi ya serikali. Hivyo karani mmoja mla rushwa huua tumaini la wachaguzi wengi kuliko msemaji wa siasa awezavyo kulifufua.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, nafasi ya kazi itangazwe na kushindaniwa, hata mtoto wa ndugu yako akiwa miongoni mwa waombao. La pili, mtumishi asitozwe shilingi ya chama ofisini, wala asipeleke barua ya chama kwa muhuri wa serikali. La tatu, chama chetu kimlinde mwanachama aandikaye kweli katika vitabu, maana kumwacha peke yake ni kumfundisha Swartwout mwingine kwamba njia ni nyeupe.

Wamarekani walikaa miaka 50 wakibadilisha vyama kabla ya kuigusa sheria, na Rais mmoja aliuawa kabla hawajaamka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba wanachama mwachukue mambo haya matatu katika matawi yenu, mwayajadili, na majibu yaletwe kwa Bwana Katibu kabla ya mkutano ujao.

Nimekwisha.